Siku Niliyoketi Kwenye Kiti cha Cucu

Wameibandika pia katika shule ya mwanangu. Nilipompeleka kumwandikisha wiki iliyopita, pale Mugutha, niliiona ukutani karibu na mlango wa ofisi: karatasi kubwa yenye nyuso za mviringo, zote za manjano, moja inacheka, moja inalia, moja imekunja uso, moja imelala, na juu yake maandishi makubwa yanauliza, LEO UNAJISIKIAJE? Mwalimu mkuu aliniona nikiitazama, akadhani nimeipenda. "Siku hizi tunajali sana hisia za watoto," akaniambia. Nilimjibu kwa adabu, nikatia sahihi mahali pa kutia sahihi, nikatoka nje mikono ikiniwasha. Kama si mwanangu kunishika kidole, ningerudi ndani nikaichana ile karatasi vipande vipande.

Nyinyi wa rika langu mnapenda sana habari hizi. Tukikutana kwa chai, kila mmoja ana mshauri wake, kila mmoja anataja jeraha lake kana kwamba anataja mtaa anakokaa. Halafu mmoja wenu hushusha pumzi na kusema, laiti wazazi wetu wangetupeleka tukiwa wadogo. Wote mnatikisa vichwa. Mimi nakoroga chai isiyo na sukari. Mimi nilipelekwa.

Ili mnielewe ni lazima nianze na jina. Naitwa Wangui, jina la mama yake baba. Kwa Wakikuyu hilo halina mjadala: binti wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba, awe hai au amekufa, awe anapendwa au anachukiwa. Na jina haliji peke yake, huja na mwenyewe. Baba aliniita maitu, yaani mama yangu. Nikiwa na miaka minne au mitano nilikuwa nikisimama mlangoni jioni na kumwambia anawe miguu, asituingizie simiti ndani, kwa kuwa alikuwa fundi wa mjengo. Naye alikuwa akitii. "Haya maitu, nimesikia," anasema, anarudi nje kwenye karai. Majirani walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu niliamini kweli nimemzaa.

Naye Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, baba aliponipeleka kwake Theta siku za sikukuu, alikuwa akinivuta katikati ya magoti yake yaliyonuka moshi na ugoro, ananishika kidevu na kuwaonyesha wageni. "Huyu ni mimi," anawaambia. Hakusema nafanana naye. Alisema huyu ni mimi, na wazee wote waliokuwa pale waliitikia, hakuna aliyebisha. Mtoto huambiwa mambo mengi ya uongo na watu wazima, lakini hayo mengine angalau hawayasemi wote kwa pamoja.

Mama hakuwahi kuja nasi Theta. Mama si Mkikuyu, ni Mbukusu, na jina lake ni Nekesa, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno. Alitoka kwao magharibi akiwa msichana, akaja Ruiru kutafuta kazi katika kiwanda cha nguo, akakutana na baba. Kwao mtoto huitwa majira aliyozaliwa, au huitwa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, na yule aliyefariki humfuata mtoto na kumkalia. Fikirini basi ilivyokuwa kwake kumpa mtoto wake wa kwanza jina la mwanamke aliye hai, mwenye nguvu zake, asiyempenda. Na shida haikuishia hapo. Katika ploti yetu ya Gitothua hakuna aliyemjua kama Nekesa. Mwuza mboga, mwenye nyumba, mchungaji, wote walimwita Mama Wangui. Kila asubuhi alipofungua mlango, alisalimiwa kwa jina la mtu aliyemfukuza.

Kisa cha kufukuzwa nilikisikia nikiwa nyuma ya pazia lililogawanya chumba chetu. Mama alikuwa akimsimulia mwenzake wa kanisani, na alikisimulia mara nyingi, kila mara kwa uchungu mpya. Ati mama mkwe alichukua sufuria yake ya mrenda, ile mboga ya kwao yenye utelezi, kutoka motoni akawamwagia mbwa, akamwambia arudi kwao. Nilijua vizuri ni Cucu anayezungumziwa. Lakini Cucu alikuwa mimi. Kwa hesabu zangu za utotoni, zamani nilikuwa mtu mzima kule Theta, nikamwaga chakula cha mama, nikamfukuza, na baadaye nikazaliwa nikiwa mdogo nikaletwa kuishi naye. Ndiyo sababu alikuwa akinitazama vile, nikawaza. Alikuwa amenitambua.

Na kweli alikuwa akinitazama. Siku moja nilimwaga kikombe cha uji mezani, kwa bahati mbaya kama watoto wote. Mama hakunipiga. Alisimama na kitambaa mkononi, akaangalia uji ukidondoka chini tone kwa tone, akasema, "Ona. Hata inamwaga kama mwenyewe." Niliogopa. Kisha, nisiwafiche, nilihisi kitu kingine kinachokaribia utamu. Mama alikuwa ananiogopa. Wewe mtoto wa darasa la tatu, mtu mzima anakuogopa, na sababu yenyewe ni kikombe tu.

Basi nikaanza kumwaga. Nilimwaga maziwa, nilimwaga mchuzi, nilimwaga maji ya kuoshea vyombo juu ya godoro. Baba alipojaribu kunikanya, nilimjibu kwa sauti ya Cucu, naye akashindwa kuendelea. Nani humchapa mama yake? Shuleni nilimwaga githeri ya wenzangu wakati wa chakula cha mchana, niliwauma walionishika, na nilikaa kimya mwalimu aliponiuliza kwa nini. Siwezi kusema nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe nilikuwa nimepewa na wakubwa.

Halafu ikaja siku ya uji wa shule. Mpishi alikuwa ameweka ndoo chini akaenda kutafuta kikombe cha kupimia, sisi tuko kwenye mstari. Niliisukuma ndoo kwa mguu. Aliyekuwa mbele yangu aliitwa Faith, na alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tukikopeshana kifutio. Uji ulimwingia kwenye kiatu. Sauti aliyoitoa siku ile sijawahi kuisahau, na ngozi ya mguu wake haijawahi kurudia rangi yake. Hili ni langu. Simlaumu yeyote kwa mguu wa Faith ila mimi, na ninalisema mapema ili msije mkadhani ninajiosha.

Mwalimu mkuu alimwita mama akiwa kazini. "Huyu mtoto arudi na barua ya counsellor," akamwambia mbele yangu, "ama asirudi."

Jioni ile mama hakuvua hata viatu. "Nimechoka," akamwambia baba. "Namrudishia mwenyewe. Aende Theta wakae huko wawili."

"Kwani ni sahani ya kuazima?" baba akauliza.

"Hiyo barua isipopatikana, anaenda. Mimi nimelea mama yako miaka minane. Imetosha."

Nilikuwa nyuma ya pazia kama kawaida. Sikuogopa Theta yenyewe. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na viazi vya kuchoma, na Cucu alinipenda kama mtu anavyojipenda. Nilichoogopa ni kwamba mama hangekuja huko kamwe, hata kunisalimia. Nilimtaka mama. Nilitaka aniangalie hata mara moja kama alivyomwangalia mtoto wa jirani alipoanguka ngazini, akamkimbilia bila kufikiri. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikitaka katika dunia nzima, na sasa kilikuwa kinategemea barua.

Kanisa ndilo lililompata mshauri. Alikuwa akiwaona watoto wasumbufu kila Jumamosi mjini Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi zote zilinuka dawa ya kupe na chakula cha vifaranga. Tulipofika nusu, mama alisimama, akanirekebisha kola. "Unaenda kutolewa hiyo kitu," akaniambia. "Usisumbue watu." Nilielewa papo hapo. Mwaka ule nilikuwa nimeng'olewa jino, kwa hiyo nilijua mambo ya kutolewa vitu. Nilijikaza, nikaamua kwamba hata ikiuma sitalia.

Chumba kilikuwa na mkeka, beseni la mchanga, wanyama wa plastiki, mwanasesere asiye na mkono mmoja, na viti viwili. Mwanamke aliyekuwemo alikuwa kijana, mwenye nywele fupi na sauti ya chini sana, ile sauti wanayotumia watu wazima wakijua wanakuonea.

"Sasa Wangui! Mimi naitwa Auntie Terry. Hapa hakuna makosa, sawa? Hapa tunacheza tu."

"Koleo iko wapi?" nikamuuliza.

"Koleo ya nini, sweetie?"

"Ya kutoa."

Alicheka, akaandika kwenye daftari. Ndiyo tabia yake niliyoichukia kuliko zote: kila nilichomwambia kwa dhati alikichekea kwanza, kisha akakiandika. Alinipangia kadi mkekani, zile nyuso za manjano, akaniambia nichague uso wangu wa leo. Nilidhani nitakaouchagua ndio nitakaorudi nao nyumbani. Nikachagua unaolala, kwa kuwa Cucu akilala hawezi kumwaga kitu. Auntie Terry akaandika tena. Baadaye nilimsikia akimwambia mama mlangoni kwamba mtoto anaonyesha uchovu, huenda halali vizuri.

Nilienda Jumamosi nne, au tano. Sikugusa mchanga wala wanyama. Nilikaa nikimngoja aanze kazi, naye alikaa akiningoja mimi. Mwishowe nikaona nimsaidie, maana mtu akienda kwa daktari husema panapouma.

"Nilimwaga chakula cha mama," nikamwambia. "Kule Theta. Nikamfukuza."

"Lini hiyo?"

"Kitambo. Sikuwa nimezaliwa."

Akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza, macho yakamng'aa. Nikajua sasa amesikia.

"Kwani umeitwa cucu wako?" akauliza. "Aki hata mimi! Mimi nimeitwa cucu wangu wa Gatundu. Hiyo ni baraka, unajua? Inamaanisha hujawahi kuwa peke yako, hata siku moja."

Hujawahi kuwa peke yako, hata siku moja. Maneno hayo aliyasema kwa upendo, akanipapasa kichwa, na mimi nikahisi nimefungiwa mlango kwa nje. Wenyewe husema jina jema hung'aa gizani. Auntie Terry alikuwa amekulia ndani ya desturi ile, ilikuwa imembeba mgongoni tangu azaliwe, hakujua kwamba kuna watoto inayowakanyaga. Mgeni angeshangaa, angeuliza maswali. Yeye alikuwa mtu wa nyumbani, akapita palepale pa kuchimba akitabasamu.

Lakini alikuwa amesikia neno Theta, akaunganisha na machozi ambayo mama alikuwa akiyamwaga pale mlangoni kila alipokuja kunichukua, akaamua kwamba tatizo liko kati ya mama na mama mkwe. Hapo hakukosea, hata kuku wa Gitothua walijua hivyo. Akaagiza kikao cha familia. Baba akakataa. "Mjengo hauwezi kuningoja," akasema. "Na mambo ya mama yangu siwezi kuongea mbele ya msichana mdogo hivyo." Tukaenda wawili, mama na mimi. Mama alivaa rinda la Jumapili. Barua, aliambiwa, itaandikwa baada ya kikao hicho, kutegemea kitakavyokwenda.

Tulikuta kiti cha tatu. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, kimewekwa mbele ya kiti cha mama, hakina mtu. Mimi niliambiwa nikae mkekani nichore.

"Leo tutafanya kitu inaitwa kiti tupu," Auntie Terry akasema. "Mama Wangui, kuna mtu amekukaa kwa roho, na hayuko hapa. Tunamweka kwa hii kiti. Mwambie yote. Kiti haiwezi kukujibu vibaya."

Mama akamwangalia. "Niongee na kiti? Mimi?"

"Jaribu tu, mama."

"Kwetu mtu akiongea na kiti tunamfunga kamba."

"Hapa hatufungi mtu. Anza na salamu."

Mama akavuta rinda lake magotini. Akakitazama kiti. "Habari yako," akakiambia. Nje mtu alikuwa akishusha magunia ya chakula cha kuku, tukasikia kila gunia likigonga chini. Akavuta rinda lake tena. Nikamwona Auntie Terry akitazama saa yake kwa siri, na nikaona barua ikienda. Niliona kabisa: hakuna barua, hakuna shule, kesho Theta.

Ndipo mama akageuza shingo akaniangalia mkekani. "Sasa kiti ni cha nini," akasema taratibu, "na mwenyewe si huyu hapa."

Niliinuka. Hakuna aliyeniambia niinuke, na hilo Auntie Terry angeweza kulisema mbele ya jaji. Niliweka kalamu ya rangi chini, nikatembea hatua tatu, nikapanda kwenye kile kiti. Miguu haikufika chini. Niliweka mikono juu ya magoti na kuinua kidevu, hivi anavyokaa Cucu akipokea wageni. Auntie Terry alinyanyua mkono. Nauona mpaka leo, mkono mwembamba wenye bangili ya shanga, umenyanyuka nusu. Kilichohitajika ni sentensi moja, Wangui rudi kwa mkeka, basi. Alikuwa mtu mzima, alikuwa amesomea kazi hiyo, na mimi nilikuwa na miaka minane. Aliushusha ule mkono, akachukua kalamu.

Mama akaanza kusema.

"Mimi nilikukosea nini?" Sauti ilikuwa ndogo, halafu haikuwa ndogo tena. "Nilikuwa nimetoka hospitali siku nne. Siku nne! Hata kuketi nilikuwa nashindwa. Ukaniletea njahi, ikakataa kupita hapa kwa koo, nikapika mrenda kidogo nipate maziwa ya mtoto. Ukachukua sufuria yangu ukamwagia mbwa. Ukasema watu wa kwetu tunakula makamasi. Ukatupa nguo zangu kwa matope, mtoto wako hayuko, ameenda kazi. Nikashika mtoto nikatoka na hiyo mvua yote. Mtoto wa siku nne! Hata kitovu haijaanguka! Ulifikiria ataenda wapi, huyo mtoto? Ulifikiria atalala wapi?"

Alikuwa akinitazama usoni. Sijui nilikuwa nani kwake wakati huo, lakini alinitazama moja kwa moja, bila kukwepa, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa muda mrefu hivyo. Nami nilikuwa sijawahi kusikia habari za mtoto. Nyuma ya pazia kisa kilikuwa cha sufuria na mbwa. Sasa kumbe kulikuwa na mtoto ndani ya mvua, na mimi ndiye niliyemtoa. Nilimwonea huruma sana. Kumfukuza mama lilikuwa kosa. Kumfukuza kichanga kulikuwa kubaya kiasi kwamba nilitaka kushuka kwenye kiti nijifiche chini yake.

Lakini nilikumbuka barua. "Nisamehe," nikasema, kwa sauti ya Cucu. "Nilikosea. Sitakufukuza tena."

Mama akatoa kilio kirefu, akashuka kwenye kiti chake akapiga magoti, akanikumbatia miguu, uso wake ukaingia mapajani mwangu. Alilia kama watu wanavyolia makaburini. Machozi yake yalipenya kwenye nguo yangu, yalikuwa ya moto. Na katikati ya kilio hicho nikauliza lile lililokuwa likinisumbua, kwa sauti yangu mwenyewe.

"Na huyo mtoto, alikufa?"

Hakuna aliyenijibu. "Nimekusamehe, mami," mama alikuwa akisema ndani ya nguo yangu, tena na tena. "Nimekusamehe, mami." Auntie Terry alikuwa akifuta macho. Alimpa mama karatasi laini ya kujifutia, akachukua na yake. Mimi hakunipa, kwa kuwa sikuwa nikilia.

Barua iliandikwa siku hiyohiyo. Nilirudi shuleni na sikumwaga kitu tena. Jumamosi iliyofuata mama alienda Theta peke yake, amebeba leso na sukari, akarudi na jogoo aliyefungwa miguu. Wakaanza kutembeleana. Wakawa marafiki, na hata sasa Cucu akiugua ni mama anayepigiwa simu kwanza. Mama alikitoa kisa hicho kanisani kuwa ushuhuda, kina mama wakapiga vigelegele, na mchungaji akasema mtoto mdogo atawaongoza. Nyumbani alianza kuniita mami kwa sauti laini, akanipakulia kipande cha kwanza cha nyama, akaniuliza ushauri kuhusu mapazia. Sikupelekwa popote. Nilipata nilichokuwa nikikitaka, kila mtu aliniambia hivyo.

Ila sikuacha kumfikiria yule mtoto. Darasani nilikuwa nikimchora pembezoni mwa daftari, amefungwa shuka, mistari ya mvua juu yake. Niliamini amezikwa mahali fulani kando ya barabara ya Theta, na tulipopita huko nilitazama chini ya ua wa kila shamba. Hakuna niliyemuuliza tena. Nilikuwa nimeuliza mara moja mbele ya mtaalamu, jibu halikuja, nikajua ni baya.

Nilikuwa kidato cha pili Cucu aliponieleza upande wake. Tulikuwa tunachambua njahi uani kwake, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu hupikiwa mzazi aliyetoka kujifungua, yawe heshima na yamrudishie damu. "Nilizipika usiku kucha," akaniambia. "Zikarudi hazijaguswa, na mwenyewe anapika majani yake. Ungekuwa wewe?" Akapuliza maganda kwenye ungo. "Nikamwambia kama hataki chakula chetu aende, lakini aniachie Wangui wangu. Akakataa. Akakutoa kwa mvua hivyo ulivyo, mdogo kama panya."

Niliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kwa sababu mikono ilikuwa ikijua kazi yake. Mtoto alikuwa mimi. Bila shaka alikuwa mimi, mama hakuwa amezaa mwingine kabla yangu, hata mjinga angejua, na miaka yote ile sikujua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikamwomba mama msamaha kwa kufukuzwa kwangu mimi mwenyewe. Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sawa, lakini sijawahi kusikia nyasi zikiitwa ofisini ziwaombe fahali radhi, kisha ziandikiwe barua kwamba zimepona.

Nimekasirika tangu siku hiyo. Nimemkasirikia Cucu kidogo, kwa kuwa yeye angalau hakunificha. Nimemkasirikia Auntie Terry kwa mkono wake ulioshuka. Nimewakasirikia na nyinyi mnaponiambia ati alikuwa kijana, ati alifanya alivyoweza. Ninayemkasirikia kuliko wote simwambii, kwa kuwa nampenda, na kwa kuwa nikianza atalia, na akilia nitamwomba msamaha. Nimejifunza kufanya hivyo vizuri sana.

Lakini wiki iliyopita, baada ya kutoka kule shuleni kwa mwanangu, nilipitia kwake Gitothua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata sukuma, miwani imeshuka puani. Mwanangu alikimbilia kwenye kibanda cha kuku. Nilivuta kigoda kingine, nikakaa mbele yake, nikamwambia kabla sijaogopa.

"Mama, siku ile kwa Auntie Terry, niliuliza kama mtoto alikufa. Hukunijibu."

Kisu kilisimama. Alinitazama juu ya miwani, akitafuta kwa kweli, amekunja kipaji, uso wake mzuri wa uzee umejaa nia njema. Aliniwekea mkono gotini.

"Mtoto gani, mami?" akauliza.